Mshono wa mama na siku tisini za kuulinda

Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa moyo jijini Dar es Salaam mwezi Novemba, akiwa na umri wa miaka 63 na akiwa ameishi na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Mishipa inayoulisha moyo wake ilikuwa imeziba, hivyo madaktari walichukua mshipa mmoja kutoka ndani ya kifua na mwingine kutoka mguu wa kushoto, wakatengeneza njia mpya za kupitisha damu kando ya pale palipoziba. Siku tuliyoruhusiwa kurudi Moshi, muuguzi aliyekuwa akimhudumia alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, moyo umeshatengenezwa. Sasa nendeni mkaulinde mshono."

Sikumwelewa vizuri siku ile. Nilikuwa nikiamini kwamba kuzuia vidonda vya upasuaji visitunge usaha ni kazi ya hospitali, yenye glovu na vifaa vilivyochemshwa, na kwamba sisi ndugu kazi yetu ni kupika, kuosha na kumpa mgonjwa dawa kwa saa zake. Miezi mitatu iliyofuata ilinifundisha kwamba sehemu kubwa ya ulinzi ule hufanyika nyumbani, na kwamba ugumu wake hauko katika kufua bandeji wala kuhesabu vidonge, bali katika kuwazuia watu wanaompenda mgonjwa wasimwumize.

Kwanza nieleze kwa nini mshono wa kifua haufanani na mshono mwingine. Ili kuufikia moyo, daktari huupasua mfupa wa kidari kwa msumeno kutoka juu hadi chini, na baada ya kazi huurudisha pamoja na kuufunga kwa nyaya za chuma cha pua ambazo kwa kawaida hubaki humo maisha yote. Ngozi ya juu huweza kufunga ndani ya wiki mbili au tatu, lakini mfupa huhitaji takribani miezi miwili hadi mitatu ili kuungana sawasawa. Hapo ndipo hatari inapojificha, kwa sababu mshono unaonekana umepona wakati kilicho chini yake bado ni mifupa miwili iliyoshikiliwa na nyaya. Vijidudu vikipenya hadi kwenye mfupa, nyuma yake hakuna nyama nene ya kuvizuia. Kuna moyo wenyewe. Maambukizi ya aina hiyo hutokea kwa wagonjwa wachache, lakini anayeyapata hulazimika kurudi chumba cha upasuaji, kifua kikafunguliwa na kusafishwa upya, akachomwa dawa za mishipa kwa wiki nyingi, na baadhi hupoteza maisha. Ndiyo maana wanaofuatilia maambukizi ya upasuaji wa moyo hawaishii siku 30 kama kwa aina nyingi za upasuaji. Huhesabu hadi siku 90. Nami nilizichora siku hizo 90 kwenye kalenda ya ukutani, nikawa ninakata moja kila jioni.

Jambo lililonishangaza zaidi ni chanzo cha vijidudu hivyo. Nilidhani vinatoka nje, kwenye vumbi la barabara au kwenye vitanda vya wodi, na kweli vingine hutoka huko. Lakini vingi hutoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwenye ngozi yake na ndani ya pua yake. Kuna kijidudu kiitwacho stafilokokasi, ambacho karibu mtu mmoja katika kila watu watatu au wanne hukibeba puani bila kuugua wala kujua, na kijidudu hicho hicho ndicho miongoni mwa visababishi vikuu vya mishono ya kifua kutunga usaha. Kwa hiyo ulinzi huanza kabla ya kisu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza kwamba wagonjwa wa upasuaji wa kifua na moyo wanaojulikana kubeba kijidudu hicho wapakwe puani marhamu ya mupirosini, na kwamba kila mgonjwa aoge kwa sabuni kabla ya upasuaji. Mama alipakwa marhamu ile kwa siku tano, asubuhi na jioni, akaoga vizuri usiku wa kuamkia upasuaji na asubuhi yake. Alidhani ni ustaarabu tu wa hospitali ya mjini; nilipomweleza sababu, aliongeza bidii hata akataka kurudia kuoga mara ya tatu.

Kulikuwa pia na suala la wembe, ambalo nalitaja kwa sababu najua akina mama wengi wa rika lake wangefanya kama alivyotaka kufanya yeye. Kwa haya zake, hakupenda kijana wa wodini amnyoe, hivyo alinong'ona nimletee wembe ajinyoe mwenyewe mguu na sehemu nyingine akiwa bafuni. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba wembe hukwaruza ngozi na kuacha vijeraha vidogo visivyoonekana kwa macho, na vijeraha hivyo huwa makazi ya vijidudu hadi saa ya upasuaji. Nywele zikilazimika kutolewa, hukatwa kwa mashine maalumu isiyogusa ngozi, na kama hazizuii kazi huachwa zilivyo. Tulimwomba muuguzi wa kike amsaidie, naye alikubali bila shida. Ombi dogo kama hilo linafaa kutolewa mapema, kabla mgonjwa hajatafuta njia yake ya siri.

Upasuaji wenyewe uliahirishwa kwa wiki tano kwa sababu ya sukari, na ndugu kadhaa walilalamika kwamba tunacheleweshwa. Mimi leo nasema wiki zile tano ndizo zilizomwokoa. Sukari ikiwa juu, chembe za damu zinazopigana na vijidudu hulegea, na kidonda hufunga polepole. Daktari alitaka kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kishuke kwanza, na baada ya upasuaji walimpima sukari mara kwa mara usiku na mchana na kumpa insulini ya mshipani ili isipande zaidi ya milimoli 10 kwa lita. Nyumbani niliendelea kuiandika kwenye daftari asubuhi kabla ya chai na saa mbili baada ya mlo. Mwenye kisukari anayelinda mshono bila kulinda sukari anafunga mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi.

Kuhusu yaliyofanyika ndani ya chumba cha upasuaji sina mengi, kwa kuwa sikuwapo, lakini jambo moja nililiuliza na kujibiwa. Dawa ya kuua vijidudu hutolewa mshipani ndani ya saa moja kabla ya ngozi kukatwa, ili iwe imeshafika kwenye nyama wakati kisu kinapopita. Ikitolewa mapema mno au ikichelewa, kinga yake hupungua. Swali la kama imetolewa kwa wakati ni miongoni mwa maswali ambayo timu nzima huulizana kwa sauti kabla ya kuanza, kwa kufuata orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Nilifurahi sana kujua kwamba kati ya hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha hiyo mwanzoni, mojawapo ilikuwa Ifakara, hapa hapa Tanzania, pamoja na nyingine katika miji kama London, Toronto na New Delhi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba, kwa hospitali hizo zote kwa ujumla, maambukizi ya vidonda vya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 6.2 hadi asilimia 3.4. Hakikuongezwa chombo kipya cha gharama. Watu waliulizana maswali kwa sauti na kungoja majibu. Nilipofika nyumbani nilijaribu kuiga jambo hilo hilo.

Tulisafiri kwa gari la baba mdogo, zaidi ya kilomita 500, tukisimama kila baada ya saa mbili ili mama atembee kidogo, na tukiweka mto mdogo kati ya mkanda wa gari na kifua chake. Badala ya kumpeleka kwake Kibosho, nilimweka kwangu Rau, karibu na huduma za mjini. Ilikuwa katikati ya Desemba. Msomaji wa Kilimanjaro ameshajua nitakalosema: Desemba ni mwezi ambao kila mtoto wa mlimani aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya hupanda nyumbani, na hakuna anayeweza kurudi mjini aseme hakumwona mgonjwa aliyepasuliwa moyo. Wiki ya kwanza nilihesabu wageni 41. Kila mmoja alikuja na mkono wa kheri, kila mmoja alitaka kuushika mkono wa mama kwa muda mrefu kama wanavyosalimiana wazee wetu, na wengi, kwa huruma ya kweli, walisema, "Hebu tuone walipokukata."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuwa mkali, na sikuzaliwa mkali. Niliweka kibuyu chirizi mlangoni, lile dumu la kukanyaga kwa kamba ambalo shule nyingi zinalo, pamoja na sabuni na taulo za karatasi, na kila mgeni aliyeingia nilimwambia, "Shikamoo, karibu sana, tunaanzia hapa." Kunawa kwenyewe kuna kiasi chake: sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, zikiwamo zile za katikati ya vidole na za kucha. Mwenye mafua tulimwomba asalimie kutoka dirishani. Kidonda hakikuonyeshwa kwa mtu yeyote, kwa kuwa kila kukifunua ni kukialika kitu kipya juu yake. Baadhi waliona ni majivuno ya mjini. Shangazi yangu mkubwa alikaa kimya tangu alipoingia hadi alipotoka, na nilijua nimemwudhi. Nilimpigia simu jioni nikamweleza kuhusu mfupa na nyaya, kuhusu kilicho nyuma ya mfupa, naye akaniambia, "Mwanangu, ungenieleza hivyo mlangoni ningerudi kunawa mara mbili." Tangu siku hiyo sikuwahi tena kutoa katazo bila sababu yake.

Jumuiya ya mama kutoka Kibosho ilikuja kusali, nayo ina desturi ya kumwekea mgonjwa mikono mahali panapouma. Sikutaka kuizuia sala, wala mama asingekubali. Nilimfuata mwenyekiti wa jumuiya kabla hawajaanza, nikamwomba mikono iwekwe kichwani na mabegani, yule mzee akawatangazia wenzake kwa lugha ya upole kuliko yangu, na wakasali nusu saa nzima bila mkono mmoja kugusa kifua.

Kuna kitu kingine ambacho hakipo kwenye karatasi yoyote ya maelekezo niliyopewa, nacho ni khanga. Mama, kama wanawake wote wa rika lake, akitoka kuoga hufunga khanga kifuani, na fundo la khanga hukaa juu kabisa ya kidari, mahali pale pale mshono ulipoanzia. Fundo lile hubana, husugua, hulowa, na katika joto la Moshi la mwezi huo huweka jasho kama kitambaa cha kukanda. Tulinunua magauni mepesi ya pamba yenye vifungo mbele. Muuguzi alikuwa pia ametusisitiza kuhusu sidiria inayofungwa mbele, isiyo na waya, avae mchana na usiku, kwa sababu matiti mazito huvuta mshono kwa pande mbili na kuuachanisha, na jasho la chini ya titi hulainisha ngozi hadi ichubuke. Wanawake huona haya kuyazungumza haya mbele ya watoto wao wa kiume. Kama mlezi wa mgonjwa ni kijana wa kiume, atafutwe binti au jirani wa kuyasimamia.

Kuoga aliruhusiwa, kwa maji safi ya uvuguvugu yanayomwagwa taratibu kutoka begani, bila kusugua mshono na bila kukaa ndani ya beseni. Baada ya hapo unakausha kwa kugusagusa kwa taulo ambayo ni yake peke yake, iliyofuliwa na kupigwa pasi. Juu ya mshono hakipakwi kitu: si mafuta, si maji ya chumvi, si asali, si shubiri wala spiriti, ila alichokiandika daktari. Na kwa kuwa mfupa unaochezacheza hauungani, na usioungana huwa rahisi kuambukizwa, makatazo ya kunyanyua vitu ni sehemu ya kinga hiyo hiyo. Akikohoa alikumbatia mto. Akiamka kitandani alijigeuza ubavu kwanza, akashusha miguu, hakujivuta kwa mikono. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mjukuu wa miaka miwili ni kilo zaidi ya kumi. Vyote viwili vilikuwa marufuku, na huyo wa pili ndiye aliyemtoa machozi.

Sasa niseme kosa letu. Tulilinda kifua kama yai, na tukausahau mguu. Mshono wa mguuni, pale mshipa ulipotolewa, ulikuwa mrefu kutoka karibu na kifundo hadi karibu na goti, na sisi sote tuliuona kama jambo la pembeni. Kwa kupokea wageni, mama alikaa kitini tangu asubuhi hadi jioni mguu ukining'inia, ukavimba, na ngozi iliyovimba ikavuta mshono. Siku ya 19 tangu turudi nyumbani niliona soksi yake imelowa maji ya rangi ya njano. Nilipoifungua nikakuta juu ya kidonda unga mkavu ulioganda kama ukoko. Ndugu yetu wa karibu, kwa mapenzi mema, alikuwa amefungua kapsuli za rangi mbili alizonunua duka la dawa na kumnyunyizia kwa siku tatu, kama tulivyofanyiwa sote utotoni tulipoanguka na kuchubuka magoti.

Daktari tuliyemwona mjini alitueleza kwa subira. Unga ule hutengeneza gamba linalofunika usaha usitoke, na dawa inayoingia kwa kiasi kisichopimwa huua vijidudu dhaifu na kuviacha vile sugu vikiendelea kuzaana, hata siku dawa hiyo ikihitajika kweli kwa kipimo kamili isifanye kazi. Aliondoa gamba, akasafisha, akachukua usaha kwa kijiti cha pamba upelekwe maabara kabla ya kuandika dawa, na akaagiza mguu ukae juu ya stuli kila mama anapokaa. Nilimwuliza kama kifua kiko salama. Alikibonyeza taratibu pande mbili na kumwambia mama akohoe, akisikiliza kama mfupa unagonga. Haukugonga. Usiku ule sikulala, kwa sababu damu inayopita mguuni ndiyo hiyo hiyo inayopita kwenye kifua.

Kuanzia hapo nilikuwa na orodha yangu ya maswali, na kila asubuhi tuliulizana kwa sauti, mimi na mdogo wangu, yeye akijibu huku akitazama. Kuna joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi? Kuna maji, usaha au harufu? Kingo zimeachana? Maumivu yanapungua au yanaongezeka kuliko jana? Mfupa unagonga akigeuka? Vitabu husema tutazame wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu hujificha, hivyo tulijifunza kutazama ngozi inayong'aa na kukaza, na kuweka nyuma ya vidole vilivyonawa kando ya mshono kulinganisha joto lake na la upande wa pili. Jibu moja tu la wasiwasi lilitosha kutupeleka hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki na bila kupitia duka la dawa.

Chakula nacho kilitugombanisha. Mgonjwa wa Kichagga hupewa mtori, na kila aliyekuja alibeba chupa yake, lakini ndizi nyingi zilizopondwa hupandisha sukari. Hatukuukataa, tuliupika wenyewe kwa ndizi chache na nyama nyingi, tukaongeza mayai, maharage, dagaa na mboga, kwa sababu kidonda hujengwa kwa vyakula vya aina hiyo, na mgonjwa asiyekula vya kutosha haponi upesi.

Mguu ulifunga wiki ya saba. Katikati ya Februari, kalenda yangu ikiwa imebaki na mistari miwili isiyokatwa, tulirudi kliniki. Daktari alimsikiliza moyo, akapitisha vidole juu ya kovu kutoka juu hadi chini, akamwambia akohoe kwa nguvu bila mto, kwa mara ya kwanza. Kidari kilitulia. Aliuliza kama mama ana swali lolote, nami nilidhani atauliza kuhusu dawa za moyo, au kuhusu kupanda Kibosho. Mama aliuliza kama sasa anaweza kufunga khanga yake kifuani. Daktari akasema anaweza, ila fundo alisogeze pembeni.